Afande Hatengenezi Simu

Bwera, mji wetu wa mpakani na Kongo, ukitaka kutengenezewa simu huna haja ya kutafuta fundi. Itoe tu mfukoni ukiwa umesimama barabarani, ikunjie uso kidogo, na mafundi watatu watakuuliza inaumwa wapi. Mimi ni mmoja wao. Nina meza ya kioo, taa yenye lenzi, kava za kila rangi, na ujuzi wote wa kazi yetu, ambao nikisema ukweli ni huu: toa betri, pangusa, rudisha betri, washa. Ikikataa, mwambie mwenyewe bodi imeungua.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa ameandika mlangoni kwake kwa rangi nyekundu: SIMU HAPANA. Katika barabara nzima ya kwenda mpakani, ambako wenye maduka wanamfuata mteja mpaka kwenye matope, yeye peke yake ndiye aliyemfukuza kabla hajafika. Tulimwita Afande, kwa sababu aliwahi kuwa jeshini, kwenye mambo ya redio, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Jina lake nililisikia mara moja tu, kanisani, lilipotangazwa kati ya waliojitolea kufyeka kiwanja, na hata mwenyewe hakugeuka.

Alichotengeneza kilikuwa kompyuta za mfukoni. Usijisumbue kukumbuka, hujawahi kuziona. Ni kifaa chembamba kama kesi ya miwani, chenye vitufe vidogo vya herufi na namba, na kioo kinachoonyesha mstari mmoja tu wa maandishi. Unakiandikia maagizo, nacho kinayafuata: kinapiga hesabu, kinatunza namba, kinalia ukikikosea. Zamani wahandisi na wapima ardhi walitembea nacho mfukoni wakijiona wameimaliza dunia. Leo mtoto akikiona anauliza ni rimoti ya televisheni gani.

Afande alikuwa na vifaa hivyo arobaini na kitu, kwenye masanduku ya bati ya risasi. Masanduku hayakuwa na risasi, alituhakikishia, ingawa hakuna aliyeuliza. Alivikusanya kutoka kwenye nyumba walizoziacha wahandisi wa mgodi wa shaba, milimani juu ya Kasese, kwenye droo za walimu wa hesabu waliostaafu, kwenye stoo za misheni, na kwa wanunuzi wa kahawa kutoka Butembo. Kimoja alikipata Hamukungu kwa muuza samaki aliyekitumia kukandamizia karatasi zake zisipeperushwe na upepo wa ziwa. Afande alimsimamisha yule bwana mbele ya samaki wake mwenyewe na kumhutubia nusu saa juu ya kosa la kumtumia afisa kama jiwe. Akarudi nacho Bwera kikinuka, akaniomba limau.

Nimesema afisa, na si utani wangu. Kila kifaa kilikuwa na cheo, na cheo kilitokana na ukubwa wa kumbukumbu yake. Chenye kumbukumbu ndogo kabisa kilikuwa askari wa kawaida, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa kapteni. Meja hakuwepo, alikuwa akimtafuta. Kila asubuhi saa moja palikuwa na paredi. Alivipanga mezani, akakiwasha kimoja baada ya kingine, na kila kilichowaka aliandika katika daftari, "Yupo." Kilichokataa kiliandikwa mgonjwa. Kimoja kilichovujisha betri na kuchafua wenzake sandukuni alikishusha cheo mbele ya wote, na nilipocheka kupitia dirishani akaniambia, "Wewe raia, unacheka nini? Hiyo koplo iko na akili kuliko wewe."

Raia lilikuwa jina langu kwake. Sikuwahi kupandishwa.

Hata hivyo lazima nikiri, ingawa inaniuma kama fundi mwenzake, kwamba mikono yake ilikuwa mikono. Betri ikivuja na kuacha ule ukoko wa kijani, aliulainisha kwa limau, akausugua kwa mswaki mpaka shaba ikang'aa. Kitufe kilichochoka alikifungua na kupaka chini yake unga wa penseli, kikaamka. Gundi iliyoshika waya za kioo aliilegeza kwa mashine ya kukaushia nywele ya Biira, mwenye saluni ng'ambo ya barabara. Biira alikuwa akiachwa na mteja mwenye kichwa kimelowa wakati mashine yake iko kwenye operesheni, na alilalamika kila mara, na kila mara aliitoa. Kioo kikiwa cheusi, Afande alikuja kwangu kuchagua simu zilizokufa ili azibandue karatasi zake za kioo, zile nyembamba zinazofanya maandishi yaonekane. Simu iliyokufa ndiyo simu pekee aliyoiheshimu.

Simu nzima alizichukia, lakini chuki yake ilikuwa na ratiba. Akikosa kipuri alikuja mezani kwangu, akajikohoza. "Raia. Uliza hiyo kitu yako kama kuna mtu duniani iko na kitufe ya herufi Q." Nikianza kutafuta mtandaoni alinipa mgongo na kutazama barabara, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize haja kichakani. Nikimwambia kimepatikana Japani, alijibu, "Najua," kisha akarudi kwake bila asante, na mimi nikabaki kubishana na watu wa Japani juu ya kitufe kimoja.

Shule moja ya sekondari ilimwalika aonyeshe wanafunzi mitambo yake. Alikwenda na kapteni, sajenti na askari wawili, amevaa koti na kiatu cha kung'aa. Alieleza kwa saa nzima jinsi kifaa kidogo kile kinavyoweza kupiga hesabu ya eneo la shamba lenye kona saba. Mwishoni msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza kama kinaingia mtandaoni. Afande akamwangalia kwa huruma. "Hii haiingii mahali haijaitwa," akasema, akakusanya kikosi chake akaondoka. Mwalimu mkuu alimtumia barua ya shukrani, naye akaisahihisha tahajia na kuirudisha.

Kwa watu alikuwa hivyo, mkavu. Lakini na vifaa vyake aliongea Kikonzo, lugha yake ya nyumbani, kwa sauti ya chini, polepole, akivibembeleza. Marehemu mke wake aliwahi kuniambia kwamba angependa siku moja tu aongeleshwe kama kile kidude chenye kioo kilichopasuka. Alisema akicheka, lakini alisema mara mbili.

Sasa kuna jambo moja la ufundi ambalo huna budi kulijua. Vifaa hivi havina mahali pa kudumu pa kutunzia kitu. Unachokiandikia kinakaa ndani maadamu umeme wa betri unakifikia; ukikatika hata kidogo, kimefutika, na hakuna fundi wa Bwera wala wa Japani atakayekirudisha. Ndiyo maana vingi vina betri za aina mbili, kubwa za kazi na moja ndogo kama kifungo cha shati, ya kulinda. Unabadilisha kubwa huku ndogo ikilinda, unangoja, ndipo unabadilisha ndogo huku kubwa zikilinda. Afande aliwaimbia watu wote jambo hili, hata wasiokuwa na kifaa. "Askari ya geti haitoki mpaka mwenzake iingie." Nililisikia kupitia ukutani mara nyingi kuliko ninavyosikia kengele ya kanisa, na nililitilia maanani kiasi hicho hicho.

Usifikiri alikosa wateja kabisa. Alikuwa na mmoja. Mama Masika alitoka upande wa Kongo, karibu na Butembo, na kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko, alikuja kuuza vitenge. Marehemu mume wake alikuwa mpima ardhi, na alimwachia kompyuta ya mfukoni yenye vipimo vya shamba lao: kila jiwe la mpaka, umbali na pembe yake. Karatasi ziliungua walipokimbia vita. Shemeji yake, ambaye shamba lake linapakana na hilo, alikuwa na tabia ya kusogeza mawe. Basi kila mwaka Mama Masika alikwenda kijijini na kifaa chake, kikawashwa mbele ya chifu, namba zikasomwa kwa sauti, watu wakapima kwa kamba, mawe yakarudi. Mwaka uliofuata yakatembea tena. Ilikuwa karibu sikukuu ya kijiji.

Kwa nini hawakunakili namba kwenye karatasi? Afande alizinakili, katika daftari lake. Lakini shemeji hakukubali karatasi, kwa hoja kwamba karatasi mtu anaandika anachotaka. Kifaa alikikubali kwa sababu kijiji kizima, naye akiwemo, kilimwona marehemu akiziingiza namba zile kwa kidole chake akiwa amesimama kwenye kila jiwe. Upande wa chini wa shamba, ule uliokuwa ukiibiwa, ndipo marehemu mwenyewe alipozikwa.

Jumanne moja Afande alikuwa amekwenda Kasese kuonyesha macho yake kwa daktari. Aliniachia ufunguo na amri moja: "Usiguse." Mama Masika akafika, akasimama mezani kwangu na kile kifaa amekifunga kwenye kitambaa.

"Afande haiko?"

"Atarudi Ijumaa, mama."

"Ile mashini, kioo yake inaanza kufifia. Umuambie abadilishe pile, zile betri. Ijumaa nitapita kuchukua." Akakiweka mbele yangu polepole. "Ukichunge. Mule ndani muko shamba yangu yote."

Nilikichunga kwa muda wa siku mbili. Alhamisi kilikuwa kimefifia zaidi, maandishi yakionekana kwa shida, na mimi hapa ni fundi, mtu wa kumi na moja katika barabara hii kuweka taa yenye lenzi. Nilitaka kusaidia, hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka Afande arudi akute kazi imekwisha, imefanywa na raia. Nikakifungua, nikatoa betri, zote, kubwa na ile ndogo, kama ninavyofanya kwa kila simu iliyowahi kukanyaga meza yangu. Nikapangusa kwa spiriti. Nikatia mpya kutoka kabatini kwangu, nikawasha.

Kioo kikaja safi ajabu, cheusi juu ya kijivu, kinasomeka kutoka mlangoni. Tatizo ni kwamba hakikuwa na kitu cha kusoma. Nikajiambia labda ndivyo vinavyoamka. Nikakirudisha kwenye kitambaa, nikakiweka mezani kwa Afande, nikafunga mlango, nikaenda kula.

Ijumaa Afande alirudi alfajiri na begi lake la safari, na hata hajakigusa kile kitambaa, Mama Masika akafika na mzigo wake wa vitenge. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni kwake baada ya kumrudishia ufunguo. Mama Masika alifungua kitambaa, akawasha, akabonyeza kile kitufe alichofundishwa na mume wake. Akabonyeza tena. Akampa Afande.

Afande alikibonyeza mara moja tu. Akakigeuza, akatoa bisibisi ndogo, akafungua mgongo wake na kutazama ndani. Alitazama kwa muda ambao mtu anatumia kusoma barua. Hakuniangalia. Kisha akaufunga, akakaza skrubu, akasimama wima mikono ikiwa ubavuni.

"Mama, ni mimi," akasema. "Nilirudi mapema, nikatoa betri yote mbili. Kosa ni yangu."

"Weye?" Mama Masika alisema kwa sauti ndogo. "Weye mwenye unafundishaka watu?"

"Mimi."

Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa na kava ya simu mkononi, ya rangi ya waridi, na nilijishughulisha nayo sana. Sijawahi kuikagua kava kama nilivyoikagua ile.

Ningeweza kusema siku ileile. Ningeweza kusema wiki iliyofuata, Afande alipovaa koti lake na kuvuka mpaka na daftari, akasimama mbele ya chifu na kusoma namba zake kwa sauti ya paredi. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema karatasi hata yeye anayo nyumbani, tena ina mistari. Watu wakacheka. Hiyo nilisimuliwa na wafanyabiashara, maana mimi siku hiyo nilikuwa na kazi nyingi. Mawe yalibaki yalipohamishiwa. Tangu hapo Mama Masika akitaka kupalilia kaburi la mume wake anaomba ruhusa kwa shemeji.

Hakumtukana Afande. Aliacha kumsalimia, basi. Wasiojua kwetu watasema hilo ni dogo. Kila Jumanne na kila Ijumaa alipita mbele ya mlango wake macho yakiwa mbele, akafika kwangu, akapunguza mwendo. "Wee mutu wa simu, habari?" Na mimi nikamjibu, "Nzuri, mama," nikamuuliza watoto, akanieleza mmoja mmoja. Afande alikuwa akisikia yote kupitia ukutani, kama mimi nilivyokuwa nikisikia mahubiri yake ya betri. Hayo mahubiri aliyaacha.

Hali hiyo iliendelea miaka sita. Ukitafuta mtu aliyeweza kulala vizuri miaka hiyo, nitakuambia ni mimi, na nitakuwa ninakudanganya.

Kisha macho yake yakaisha. Binti yake, muuguzi, alikuja kumchukua akamhamishia Kasese, yeye na masanduku. Nilichukua mwaka mzima kwenda kumwona, kwa sababu Kasese ni mbali sana, karibu saa moja kwa gari. Nilimkuta barazani amevaa miwani myeusi, redio mapajani, kiatu kimepigwa rangi.

"Raia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umenenepa."

"Huoni, Afande."

"Nasikia namna kiti inalia."

Binti alituletea chai akalalamika kwamba kila asubuhi kabla ya zamu yake lazima asome paredi yote, kifaa kwa kifaa, na akiruka kimoja mzee anajua. Akaingia ndani. Afande alizima redio.

"Yule mama ya vitenge. Bado inakuja soko?"

"Bado."

"Iko namna gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mzima. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Afande, ni mimi niliyetoa betri."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Betri yote ilikuwa na kibandiko ya jogoo. Nani mwingine Bwera inauza betri ya jogoo?" Akanywa chai. "Hata hukuweka ile ndogo vizuri. Ilikuwa imelala upande."

Aibu niliyoisikia pale sitaipamba. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Wewe ulikuwa na wateja," akasema. "Wangekimbia. Mimi nilikuwa na nani ya kukimbia?"

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu nilifikiri ametania. Yeye hakucheka. Alitafuta kisahani kwa mkono, akaweka kikombe.

"Nilikuwa na mmoja," akasema. "Nikafikiri kesho utasema. Kesho ikapita. Nikangoja ingine. Saa hii macho imekwisha, mgongo imechoka. Kuja chukua mzigo yako."

"Ni amri, Afande?"

"Hapana. Amri ni ya askari. Wewe ni raia."

Jumanne iliyofuata nilifunga duka nikaenda sokoni. Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba yenye utangulizi, sababu na hitimisho, na nilipofika nikasema maneno kama kumi. Mama Masika alikuwa akikunja kitenge cha kijani. Aliendelea kukikunja mpaka pembe zikakutana sawasawa, akakiweka juu ya vingine.

"Na yeye alijuaka ni weye?"

"Alijua."

"Miaka yote ile mimi nilimupitaka kama mbwa ya njiani." Alikuwa haongei na mimi. Akajifuta uso kwa kiganja. "Iko wapi sasa?"

Nikamweleza: Kasese, nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu, aulize baba wa muuguzi. Alimwachia jirani meza yake saa hiyohiyo, akachagua kitenge kimoja akakitia kwenye mfuko, akaondoka. Nasikia alikaa huko mpaka jioni. Nasikia Afande alimkaripia kwa kuja bila taarifa, na binti akasema hajawahi kumsikia mzee akiongea na mtu kwa sauti ya chini namna ile. Siku hizi Mama Masika anakwenda kila mwezi.

Ijumaa alipita barabarani kwetu na mzigo wake. Nilisimama nikamwahi. "Mama Masika, habari ya asubuhi." Alipita. Alivuka barabara hadi kwa Biira, akamsalimia kwa sauti, akamuuliza watoto mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Bado namsalimia kila Jumanne na kila Ijumaa. Hajaitika.